Arobaini ya Chabani

Buyenzi, Bujumbura
22 Septemba 1996

Kwako Mama yangu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepata nafuu, na Mama Mdogo na wafiwa wote hapo Ujiji wameanza kupoa. Sisi ni wazima, alhamdulillah, na habari kubwa nadhani umeshaiotea: nimejifungua. Mwanaume. Alizaliwa Jumanne ya tarehe tatu, alfajiri, mikononi mwa Bi Asiya, maana wewe uliyewakanda watoto wa Buyenzi nzima ulikuwa huko ng'ambo unakula migebuka. Uliaga kwenda kuhani wiki mbili tu, Mama! Vikwazo vya nchi jirani vikafunga ziwa nyuma yako, na mjukuu wako wa kwanza akazaliwa bila mikono yako.

Tumempa jina la Baba, Chabani. Siku ya saba tulimnyoa na kuchinja mbuzi mmoja. Wa pili tutamalizia amani ikirudi. Ni mtoto mtulivu ajabu. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, risasi zililia upande wa Kamenge, tukaingia uvunguni watu sita, mimi na jirani zangu na watoto. Watoto wote walilia isipokuwa yeye. Hakulia wala hakurusha mguu. Wanawake wakasema, "Huyu mutoto iko na akili, anajua kama kuko vita." Nami nikajivuna, Mungu anisamehe.

Sasa nina jambo la kukuuliza, nawe unijibu upesi. Ninapomwogesha, miguu yake inaning'inia tu. Nikimfinya dole la mguu wa kulia hashtuki. Vidole vya kushoto bado anavikunja, kidogo. Na mgongoni, katikati ya mabega, ana kishimo chenye nywele chache nyeusi. Bi Asiya anasema ni alama ya bahati. Lakini Dative, yule jirani muuguzi, alimgonga magoti jana kwa kidole, uso ukambadilika. Akaniambia, "Yoo, Houda, uyu mutoto tumupeleke hospitali leo, apana kesho. Arobaini itatungojea."

Mkwe wako Rachid yuko upande wa Dative. Mimi nakumbuka ulivyomfokea yule mke wa fundi aliyemtoa mwanawe nje siku ya ishirini. Nifanye nini, Mama? Mohamadi anavuka leo na boti yake kufuata mazutu ya magari, na ameahidi kurudi na jibu lako.

Mimi binti yako,
Houda


Ujiji
1 Oktoba 1996

Mwanangu Houda,

Waaleikum salaam. Mimi ni mzima, goti ni lile lile, na Mama Mdogo anakusalimu kwa vigelegele vilivyowatoa majirani nje. Hongera! Mwambie huyo mume wangu mpya kwamba mkewe yupo, amechelewa tu njiani, na asithubutu kuoa mwingine kabla sijafika. Na kuitwa Chabani ndiyo amenimaliza kabisa. Yule wa kwanza alinisumbua miaka ishirini na saba, sijui huyu atanifanyaje.

Sasa nisikilize. Miguu ya mtoto huamka kwa zamu. Wengine hurusha siku ya pili, wengine hungoja. Chukua mawese, yapashe moto hadi kiganja kivumilie, umkande kuanzia nyongani kushuka hadi kisiginoni, mara saba kila mguu, asubuhi na jioni. Usipande juu, daima shuka. Kisha umfunge kwa kitambaa cha joto. Zile nywele za mgongoni ni za ukoo, usiziguse.

Hospitali, hapana. Huko wamelala watu wa risasi na kipindupindu, nawe unataka kumpeleka mtoto ambaye kitovu chake hakijakauka vizuri? Mwambie Dative namheshimu kwa sindano zake, lakini watoto wa mtaa huo wamepita mikononi mwangu tangu yeye yuko darasa la kwanza. Kaa ndani mpaka arobaini iishe. Haraka haraka haina baraka.

Nakula vizuri, nalala vibaya, nakuota kila siku.

Mama yako


Buyenzi
25 Oktoba 1996

Mama,

Asalaam aleikum. Nakuomba ukae chini kabla hujaendelea. Sisi si wazima.

Tulikaa arobaini kama ulivyoagiza. Tarehe kumi na nne Rachid alimbeba mtoto hadi hospitali, Dative mbele yetu akituombea njia kwenye vizuizi vya askari. Wakati huo vidole vya kushoto navyo vilikuwa vimelala. Daktari ni Népomuscène, mtu mfupi, mpole, anayekula karanga huku akifikiri. Alimchoma sindano ya dawa mgongoni akampiga radio, ile picha ya ndani ya mwili, akatuonyesha dirishani. Ndani ya uti wa mgongo wa mwanangu, Mama, kuna kifuko cha maji. Amezaliwa nacho. Kinakua, na kadiri kinavyokua kinabana mishipa ya fahamu inayopeleka habari miguuni. Anasema ni kitu cha nadra sana, amewahi kukiona kitabuni tu. Kile kishimo chenye nywele ndiyo alama yake.

Aliniuliza kwa nini nimengoja. Nikamwambia mama yangu amekataza, naye ana miaka thelathini ya kazi hii. Hakunifokea. Alisema tu kwamba katika wiki ya tatu, vidole vikiwa bado vinasikia, kuyafyonza maji hayo kwa sindano ndefu pengine kungeiokoa miguu. Sasa hajui.

Na hata hiyo sindano ndefu hawana. Kabati la dawa nimeliona kwa macho yangu, tupu. Amewatuma watu kuitafuta mji mzima. Dawa kamili ni kupasuliwa na kukitoa kifuko chote, na wa kupasua uti wa mgongo hayupo nchini. Ndege hakuna, meli hakuna, na Uvira nako kumewaka tangu wiki iliyopita. Tangu juzi mkono wa kulia haufunguki. Daktari anasema maji yanapanda. Yakifika kwenye pumzi, basi.

Namkalia, namtazama anavyonitazama. Hana homa, hana jeraha, wala hana hata upele. Ni mzuri, Mama. Natamani angalau angelia nijue kinachomuuma.

Houda


Ujiji
9 Novemba 1996

Mwanangu,

Salamu zangu kwako na kwa Rachid, ikiwa atazipokea. Nimesoma barua yako mara moja tu, ya pili sikuweza.

Sitasema nilikusudia mema. Kila anayekosea hukusudia mema. Nimeacha kukanda. Jana waliniletea mtoto wa hapa jirani nikawaambia mikono yangu inauma.

Nimekwenda kwa daktari Mzungu wa hospitali ya misheni, nikamchorea kwenye mchanga ulichonieleza: mgongo, kifuko, nywele. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka. Anasema Dar es Salaam wapo wanaoweza, ila mtoto afike mapema, kabla hajatimiza miezi sita, maana mishipa iliyobanwa muda mrefu hairudi. Atatuandikia barua ya kupokelewa. Kesho nakwenda bandarini.

Je, sindano imepatikana? Je, mkono? Niandikie hata mstari mmoja. Usiniogope, na wala usinihurumie.

Mama yako


Buyenzi
2 Desemba 1996

Mama,

Asalaam aleikum. Nakuandikia Chabani akiwa kifuani mwangu, amelala, ni mzima kwa kiasi chake. Tunaomba Mungu nawe uwe hivyo.

Sindano ilipatikana. Ilikuwa moja tu, kwenye sanduku la daktari wa zamani aliyeondoka mwaka tisini na tatu. Dkt. Népomuscène aliichemsha mara tatu. Dawa ya usingizi ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo Rachid alimshika kichwa, Dative kiuno, nami walinitoa nje. Nilikaa ukutani na mwanamke ambaye mwanawe alipigwa risasi sokoni; tukashikana mikono bila kuulizana majina. Umeme ulikatika katikati. Nikasikia daktari anasema, "Mama Dative, fungua dirisha," akaendelea kwa mwanga wa jua.

Yalitoka maji kijiko kimoja na nusu, meupe kama ya kisimani. Siku ya tatu mkono wa kulia ukafunguka, akanishika kidole. Nilipiga kelele wodi nzima ikanigeukia. Pumzi iko sawa. Mikono yote miwili ni yake.

Miguu bado. Nimemfinya mpaka nimemtoa alama, bado.

Daktari anasema maji yatajaa tena, naye atayafyonza tena, lakini huko ni kuchota tu, kisima kipo pale pale. Anakubaliana na Mzungu wako: kabla ya Machi afike kwa anayepasua. Baada ya hapo, miguu tuisahau. Mama, kama una njia yoyote, tumia.

Houda


Ujiji
16 Januari 1997

Mwanangu Houda,

Salamu nyingi, nami ni mzima wa kutembea. Nimetembea mno.

Barua ya kupokelewa ninayo, ina mhuri wa Dar es Salaam. Lililobaki ni kuvuka. Ofisa mmoja wa bandari, Adolphe, kijana wa heshima, alinifungulia kitabu cha amri na kunisomea. Anasema dawa na chakula vimeanza kuruhusiwa kidogo, lakini abiria kutoka Bujumbura, hapana. Nikamwuliza, "Mtoto wa miezi minne ni abiria au ni mzigo? Mwandike mzigo. Mwandike dawa." Hakucheka, na wala mimi sikuwa natania. Nilikwenda siku nne mfululizo nikakaa mlangoni kwake. Siku ya tano akatoka na chai yake akanipa, akasema, "Mama, mimi ningekuwa na mamlaka ningemfuata mwenyewe kwa kuogelea." Akarudi ndani. Nikajua hapo pamekwisha.

Sasa ni hivi. Mohamadi hafiki tena Bujumbura, doria zimezidi, lakini anafika Nyanza-Lac. Njooni kwa gari hadi Rumonge, kisha Nyanza-Lac. Kuanzia tarehe ishirini na tano Februari atawangoja ufukweni siku mbili, mchana. Mvalishe sweta, ziwani kuna baridi. Mimi nitakuwa Kigoma, nimesimama.

Mama yako


Buyenzi
11 Machi 1997

Mama,

Asalaam aleikum. Nasikia ulisimama siku tano. Mohamadi amemweleza Rachid kwa mdomo wa watu.

Tuliondoka na basi la asubuhi tarehe ishirini na nne, magari kumi na moja yakisindikizwa na askari. Chabani alikuwa amevaa sweta. Tulipopita kijiji cha Magara gari la mbele likapigwa, likawaka moto na watu wakaanza kuruka mitaroni. Rachid alituangukia mimi na mtoto. Tulilala hivyo mpaka adhuhuri, kisha askari wakaturudisha, wote waliobaki. Tulijaribu tena tarehe moja na tarehe nne. Mara zote mbili barabara ilifungwa kabla hatujatoka mjini.

Jana Dkt. Népomuscène alimpima. Alimchoma kwa ncha ya pini nyayoni, magotini, mapajani, akipanda polepole, mpaka kitovuni ndipo mtoto akalia. Akafunga faili. Ameahidi kuendelea kuyafyonza maji ili mikono na pumzi vibaki salama, na kupasua siku moja huenda kukasaidia hilo. Lakini miguu imekwenda, Mama. Hata leo ukimpa mpasuaji mkubwa kuliko wote duniani, hairudi.

Nakuomba usinitafutie daktari tena, wala usinieleze habari za meli. Sina nguvu ya kutumaini. Rachid hataki kusikia ukitajwa humu ndani.

Houda


Ujiji
29 Januari 1999

Mwanangu Houda,

Amani ya Mungu iwe juu yako, juu ya Rachid na juu ya Chabani. Karibu miaka miwili nimekuandikia barua nne, hukujibu hata moja, na sikulaumu. Mohamadi aliwapita Buyenzi mwezi wa Ramadhani. Ameniambia mtoto anakaa, anaongea kama redio, anajivuta kwa mikono kutoka chumbani hadi uani, na kila baada ya miezi kadhaa mnampeleka kufyonzwa maji. Nilimwomba arudie habari hizo mara tatu.

Umesikia kwamba vikwazo vimeondolewa. Meli itatoka Kigoma tarehe kumi na tisa Februari na jina langu limeandikwa. Lakini siwezi kupanda bila kukuambia jambo hili, kwa sababu nikifika nitamwona na nitashindwa.

Mwaka sabini na nane waliniletea mtoto wa kike wa mwenye duka la vitambaa, hapo hapo Buyenzi. Alikuwa na kishimo katikati ya mabega, na nywele, na miguu ya baridi. Mamake aliniuliza kama ampeleke hospitali. Nikamwambia angoje arobaini, nitamkanda. Nilimkanda. Alikufa akiwa na miezi mitatu, pumzi zikaisha tu. Walisema amri ya Mungu, nami nikasema amri ya Mungu, na wiki iliyofuata nikaitwa kukanda mtoto mwingine.

Barua yako ya kwanza ilipofika nilimjua mtoto huyo kabla hujamaliza kumweleza, Houda. Ulipofika kwenye nywele nilijua. Nilimwambia Mohamadi akale kwanza ili asinione. Nikakaa na kalamu. Kukuandikia "kimbia hospitali" kulikuwa kukiri kwamba yule wa kwanza alikufa kwa ushauri wangu, na kwamba miaka yote hiyo mtaa ulikuwa unamwamini mtu asiyejua. Nikaandika mambo ya mawese. Nilijiambia huenda safari hii itakuwa vingine. Sikukosea, mwanangu. Nilijua nikaandika. Miguu ya mjukuu wangu niliichukua mimi kwa kalamu.

Ukiniambia nisije, nitashuka hapo Kigoma nirudi Ujiji, na nitaelewa.

Mama yako


Buyenzi
10 Februari 1999

Mama,

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima. Goti lako sijui linaendeleaje, miaka miwili sijakuuliza.

Nimeisoma barua yako nikiwa nafua, nikaisoma tena kavu. Kuhusu mtoto wa mwenye duka, hilo ni lako na Mungu na mamake. Nami nina hasira, nisikufiche. Ungeandika ukweli siku ile, hata kama usingesaidia, ningekuwa na mama aliyeniambia ukweli.

Lakini usingesaidia. Barua yako ya tarehe moja Oktoba ilinifikia tarehe kumi na sita. Mohamadi alikamatwa na doria akakaa ndani wiki nzima. Chabani alikuwa ameshalazwa siku mbili. Niliifungua pale pale kitandani kwake.

Tarehe ishirini na tatu Septemba, siku moja baada ya kukuandikia, Dative alikuja na teksi. Ilikuwa imesimama mlangoni, injini inanguruma. Vidole vya kushoto vilikuwa bado vinajikunja, niliviona mwenyewe asubuhi hiyo. Nikamwambia, "Mama amekataza." Barua yako ilikuwa haijaandikwa. Dative akaniomba, Rachid akaniomba, akataka kumchukua kwa nguvu nikamfungia mlango. Niliogopa vizuizi. Niliogopa maneno ya akina mama wa uani. Na zaidi niliogopa kwamba daktari angeniambia kile ambacho mkono wangu ulikuwa unakijua kila nikimwogesha. Ulikuwa mbali, usingeweza kunibishia, nikakutumia. Kisha barua yako ikaja ikisema yale yale, nikamshukuru Mungu, Mama, nikamshukuru Mungu, nikaificha tarehe yake. Nilimwambia Rachid ilifika mapema. Nilimwambia daktari. Nikakuambia na wewe. Miaka miwili na nusu Rachid amekuchukia badala yangu, nami nilimpikia, nikalala naye, nikanyamaza.

Jana nilimwambia yote. Alitoka akaenda gereji anakofanya kazi, akakaa chini ya gari la mtu mpaka magharibi, na hakuna chombo cha kazi kilicholia. Aliporudi alimwogesha mtoto, akampanguza katikati ya vidole vya miguu kimoja kimoja kama anavyofanya kila siku. Asubuhi alimwambia Chabani, mimi nikisikia, "Bibi yako anakuja na meli. Tutaenda port kumupokea."

Basi panda meli, usishuke. Usilete dawa, usilete mafuta, na usiniombe msamaha wala usinipe wako, si sasa. Chabani anajua majina ya vyombo vyote vya gereji. Wiki iliyopita alikuwa anawatazama watoto wa jirani wakiruka kamba, akayainua magoti yake kwa mikono, moja, halafu jingine, akaniangalia. Bado hajui kuuliza. Mwaka huu atajua. Nimejaribu kutafuta nitakachomjibu na sina. Njoo, Mama. Siku akiuliza nataka tuwe wawili.

Binti yako,
Houda